Pini Mdomoni

2 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Habari za huko na za kazi? Mimi sijambo, cherehani haijambo, na jirani yangu muuza mkaa hajambo, ila mdomo wake bado haufungi. Nimepata kazi ya sare za shule. Pini imenichoma pembeni ya ulimi, pana kidonda. Si unanijua, pini zote mdomoni na huku napiga soga na wateja. Nasukutua maji ya chumvi. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, nadeki tu. Kidonda kimepona? Nilimuuliza daktari wa meno, yule ninayemsafishia kliniki. Akasema kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili hakijapona, kitazamwe haraka. Hapa watu wanakuja kung'arishwa meno tu, Mama, na wanatazamwa mdomo mzima bila hata kuomba. Nenda hospitali, nakusihi.

Mwanao

25 Aprili

Marahaba mwanangu,

Natumaini u mzima. Zahanati nimekwenda. Foleni ilifika barabarani, nesi akanipa dawa ya kusukutua bila kuutazama ulimi. Niliporudi tena akaniandikia niende hospitali kubwa. Huko nikakaa kwenye benchi kutwa, kumbe daktari wa kinywa huja Jumanne tu. Jumanne nikaenda, hakuja. Sasa nikifunga kibanda tena, wateja watahamia kwa fundi wa stendi, yule anayeshona mikono ya shati kama miguu ya suruali. Nitakwenda nikimaliza sare. Halafu na meno yangu haya mabovu, naona aibu kumwachamia daktari.

Mama yako

30 Mei

Shikamoo Mama,

Hujambo kweli? Mbona hupokei simu? Umenitumia ujumbe kupitia muuza mkaa kwamba ni mbovu, lakini yeye mwenyewe anasema anaisikia ikilia kibandani. Nimeomba ruhusa nije. Nimeambiwa nikiondoka nisirudi, na mshahara huu ndio utakaokutibu. Naogopa, Mama. Niambie ukweli.

Mwanao

17 Juni

Marahaba Kiroboto wangu,

Simu ni nzima. Ulimi ndio hausogei, maneno yanatoka kama ya mlevi, nami sikutaka uyasikie. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama ya ulimi kikapimwa. Ni saratani, na imeshashuka shingoni. Akanifokea, "Mama, mbona umechelewa hivi?" Nilitaka kumwambia nilikuwa hapo nje, kwenye benchi lake, lakini ulimi ukagoma. Wamenipangia mionzi, ila zamu yangu bado iko mbali. Muuza mkaa sasa anaongea peke yake mpaka anajichosha. Pini nimezihamishia kwenye kimto cha kuzichomekea. Nakushonea gauni. Inaniuma kwamba sitakuita tena jina lako likatoka vizuri.

Mama yako

19 Juni

Mama yangu,

Nimelia mpaka nimechoka. Nikipiga, pokea tu, usiseme kitu. Weka simu karibu na cherehani ushone, nami nitaongea.

Mwanao

28 Agosti

Shikamoo Mama,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Nimezoea kukupigia kila jioni nikusimulie vituko vya kliniki. Cherehani ikienda mbio najua unacheka, ikisimama najua umechoka, basi nanyamaza nawe.

Jana simu ilipokewa, lakini cherehani haikulia. Nikaita, "Mama?" Nikasikia mtu anapumua. Alikuwa muuza mkaa, na hakuwa na neno hata moja. Hapo nikajua.

Kazi nimeacha, niko kwenye basi nakuja. Asubuhi hii muuza mkaa aliweza kuongea kidogo. Kumbe zamu yako ya mionzi ilikuwa wiki ijayo. Akaniambia gauni limekwisha, limebaki pindo tu, umelishika kwa pini. Ameuliza kama ampelekee fundi wa stendi alimalizie.

Nimemwambia asiliguse.

Mwanao, Kiroboto