Korongo Wasioogopa Baiskeli

Kitale, 6 Agosti 2024

Kwa Mjomba Sifuna,

Natumai mgongo hausumbui tena. Sisi hatujambo, mama anakusalimu.

Joan wa jirani anakuletea kadi ya kamera. Kamera uliyoniazima haivuti mbali, kwa hivyo lazima nisogee. Korongo wenye taji wa kinamasini humkimbia mtu anayetembea, lakini wauza maziwa hupita pale kila asubuhi kwa baiskeli na ndege hawawajali. Basi nimefunga mtungi mtupu nyuma ya baiskeli yangu. Naendesha polepole bila kusimama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamera, na kila siku nasogea kidogo. Sasa kati yetu ni hatua nne tu. Wana vifaranga watatu. Mama yao aliponitazama, sikupumua.

Mpwa wako, Nasike


Kanduyi, 9 Agosti

Mpwa wangu,

Mgongo umepona kwa furaha. Ile picha ya vifaranga nimeichapisha kubwa na kuitundika mlangoni pa studio. Watu wanasimama, bana. Jamaa mmoja, Noah, alikataa kuamini kwamba mpigaji ni msichana wa kidato cha tatu. Nikamweleza yote: kinamasi nyuma ya kinu cha mahindi, mtungi, mwendo wa polepole. Alisikiliza kama yuko kanisani.

Mjomba wako


Kitale, 15 Agosti

Mjomba,

Natumai hamjambo. Mimi ni mzima, ila silali vizuri.

Vifaranga wawili hawapo. Mzee Rotich wa kinu alimwona mgeni akipita na baiskeli na mtungi wa maziwa, polepole, akadhani ni ndugu yangu. Anasema mtungi ulikuwa ukilia.

Ulimwambia nani mwingine zaidi ya Noah? Naomba unijibu haraka.

Mpwa wako, Nasike


Kanduyi, Alhamisi, 22 Agosti

Nasike,

Nilinyamaza kwa aibu. Noah nimempata jana. Ati kuna mwenye hoteli anataka korongo watembee kwenye nyasi zake. Wale wawili walikufa njiani. Nilimgombeza, akacheka: "Mzee, si ni ndege tu? Na mmoja amebaki."

Anarudi huko Jumamosi. Watu wa wanyamapori nimewapigia, wanasema Jumatatu. Joan anaondoka na barua hii sasa hivi.

Nisamehe. Mjomba wako


Kitale, Jumamosi, 24 Agosti

Mjomba,

Natumai umelala.

Jana asubuhi nilienda bila kamera. Walinitazama tu, kifaranga hakuinua hata kichwa. Nilipofika hatua nne nikashuka, nikaugonga mtungi kwa jiwe na kupiga mayowe, mimi ambaye darasani huambiwa niongeze sauti. Wazazi waliruka. Kifaranga akajikwaa, akainuka, akakimbilia matete. Nilirudi mchana, nikarudi jioni. Leo alfajiri waliponiona tu walitoweka, nikiwa bado kule kwenye kinu.

Saa tatu Noah akapita na mtungi wake. Kinamasi kilikuwa kitupu. Akaniuliza kama nimewaona ndege.

Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi hawataki kuniona.

Bado mpwa wako,
Nasike