Picha Yenye Pudre

Mupendwa Mama Alphonsine, mushauri wetu wa redio, naomba unisaidie, lakini acha kwanza nitoe asante, sababu moyo yangu imejaa. Mimi ni Mbambu, nauzisha samaki za Kasenyi hapa Bunia, na ku mukono yangu kulitokea doa yenye kupauka, haiwashe, haiume, hata mafuta ya moto iliponirukia pale sikusikia kitu, na munganga wa ngozi sikumujua hapa, njo dada yangu Jeannine akanionyesha dokta mumoja wa Kisangani mwenye kuangalia batu kwa telefone, akaomba picha. Mama, siye huku picha haipigwe na sura ya jikoni: nilivaa kikwembe ya korali, ile ya kuimbia kanisani, nikapakaa pudre usoni mpaka ku mikono, nikacheka na meno yote, nikatuma. Akajibu: «Naona mama muzuri sana, ugonjwa siione. Toa pudre, simama kwa mulango, mwangaza ikufikie.» Nikatii. Akaambia Jeannine anipapase pale na pamba mimi nikifunga macho, sikusikia kitu, akanituma mbio ku hospitali. Ilikuwa ukoma. Dawa ni ya bure, nameza, vidole vyangu viko vizima, na kila nikifunga kitambaa ku kichwa na vile vidole namubariki ule dokta mwenye sijamushika hata mukono. Sasa shida ni bwana yangu Gaspard. Nilimudanganya ni alergi ya samaki, na ku hospitali banasema nimulete yeye na batoto bapimwe, na mimi naogopa akisikia ile jina atanirudisha kwetu Butembo, batoto babakie kwake. Nifanye nini?

*

Mbambu mwanangu, pole, na ile kikwembe ya korali imenichekesha kabisa. Namushukuru dokta wako, na Jeannine zaidi.

Lakini weye! Alergi ya samaki, na nyumba yote inakula samaki bila mutu kujikuna? Gaspard hajue jina ya ugonjwa, lakini anajua kuna kitu unamuficha. Mwenye kumeza dawa haambukize tena, umuambie hivyo. Ila mbele ya kuanza dawa ulilala karibu na hao batoto. Kama doa imeanza ku mukono ya mumoja wao, nani ataiona, na haya yako imeifunika?

Akikasirika, muachie akasirike, kisha mupigie dokta, Gaspard asikie kwa masikio yake. Jeannine abaki karibu.

Lakini aanze kusikia kwako. Kesho batoto bakienda masomo, osha mukono, acha pudre, simama kwa mulango, mwangaza ikufikie. Umupe Gaspard pamba, kisha funga macho.