Nimeunyamazia Mlango wa Wodi, na Binti Yangu Anakaribia Kujifungua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo kikao cha kamati ya hospitali. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na geti la hospitali yetu, nashona sare za shule na mashuka, na mwaka jana hospitali ilipotaka wananchi nao waingie kwenye kamati, watu wa mtaa wetu walinichagua mimi wakisema fundi ana mdomo, fundi haogopi mtu, nami kichwa kikavimba nikakubali, kumbe mdomo wenyewe ni wa kibandani tu.

Sasa sikia. Jirani yangu, msusi, alishikwa na uchungu mchana, akafika wodi ya wazazi saa nane, akakuta mlango umefungwa kwa komeo kwa ndani, kwa sababu saa nane wauguzi wanabadilishana zamu, wanaoondoka wanawakabidhi wanaoingia, na wakati huo haingii mtu, akagonga, akaambiwa, "Subiri, tunakabidhiana," akagonga tena, akaambiwa, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" na mtoto akazaliwa palepale kwenye benchi la korido, akadakwa na mfagiaji, akakaa siku tatu kwenye oksijeni. Mungu saidia, yuko hai. Msusi alikuja kwangu, akaniambia, "Dada, wewe ndiye mtu wetu kule ndani, kalisemee hili," nami nikaapa nitalisema, nikaliandika kwenye daftari langu.

Siku mbili kabla ya kikao kilichopita, muuguzi mkuu wa wodi ile, tunayemwita Sista Funguo kwa vile funguo zote za wodi zinaning'inia kiunoni mwake, alikuja kibandani kuchukua mashuka, akalipa, akageuka mlangoni akaniuliza, "Fundi, binti yako hajambo? Nimeiona kadi yake kliniki. Basi, tutakuwa naye," akacheka kidogo, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisalimia au ananitisha, ila nilikaa chini kwenye vitambaa, maana binti yangu ni huyo mmoja tu, mtoto wake wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, na hospitali nyingine ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikaenda kikaoni, Sista naye yumo kwenye kamati, daftari liko mapajani mwangu, mwenyekiti akaniuliza, "Haya, wananchi wanasemaje?" nikajisikia nikisema taa ya chooni imeungua na mabenchi hayatoshi. Wakanipigia makofi, mshauri. Makofi!

Na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanza, kwa sababu msusi aliponiuliza imekuwaje, nikamwambia nimeshalisema, wanalishughulikia. Nilidhani yameisha, kumbe kila kichwa anachokisuka anakipa habari, kwamba mlango siku hizi haufungwi, fundi wetu amewakalia kooni. Mteja wake mmoja alikuwa amepanga kwenda kujifungulia kwa dada yake, mbali huko, kwa kuuogopa mlango uleule, aliposikia hivyo akafungua begi, akabaki. Wiki iliyopita alifika wodini saa nane na dakika kumi. Walipokuja kumfungulia, damu ilikuwa imeshafika kwenye ndala za mama mkwe wake. Ameongezwa chupa tatu, mtoto mzima, lakini mwenyewe mpaka leo hasimami bila kushikwa.

Msusi ananiuliza, "Mbona ulisema wanalishughulikia?" nami namjibu mambo ya ofisi huchukua muda, na kila nikisema hivyo najichukia. Binti yangu nilimweleza ukweli wote, akashika tumbo lake, akasema, "Mama, ukisema Alhamisi, mwezi ujao mimi nitapokelewa na nani? Ngoja nijifungue kwanza, halafu useme unavyotaka." Mume wangu naye anasema nijiuzulu, niwaambie mgongo unauma. Naogopa kusema, naogopa kunyamaza, nikisikia funguo zinalia nje ya kibanda natoboa kidole kwa sindano. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Mwenye Hofu


Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika kwenye makofi nilikuonea huruma, halafu nikakukasirikia. Acha nianze na huruma kwa sababu haitakuwa ndefu. Hofu yako si ya kijinga. Mtu akishajua kwamba mwanao atapita mikononi mwake, ulimi unakuwa mzito, na ningekuwa mimi labda ningeisemea taa ya choo kama wewe.

Sasa kaa vizuri. Kuogopa kikaoni kunasameheka. Kumwambia msusi kwamba umesema, hilo hapana. Ungemwambia tu, "Jirani, nimeogopa," yule mama leo angekuwa kwa dada yake anapikiwa uji. Najua yanauma maneno haya. Yaache yaume.

Halafu umebabaika na funguo za Sista mpaka hukuyaona uliyoyaandika kwa mkono wako. Wote wawili walifika saa nane! Wangefika saa nne asubuhi wangefunguliwa. Ni kweli kuna aliyemtolea mzazi maneno ya kashfa, na huyo awajibishwe na wakubwa wake. Lakini mlango unafungwa na utaratibu: wodi nzima inaingia kukabidhiana, mlangoni habaki hata mmoja. Sista Funguo akihamishwa kesho, atakayekuja atafunga vilevile. Na uchungu hauangalii saa. Binti yako akifika saa nane na robo, hao unaowanyamazia ili wampokee vizuri watakuwa ndani wanakabidhiana, wala hawatajua ni mtoto wa nani anayegonga.

Kwa hiyo leo, usingoje kesho, funga kibanda uende kwa msusi. Mwambie ulidanganya. Usianze na habari za mume wala mgongo. Atakufokea, na hapo ndipo pa kunyamaza. Akimaliza, mwombe ruhusa ya kukitaja kisa chake, kisha nendeni pamoja kwa yule mgonjwa mkamwombe na yeye. Akikataa, usimtaje. Na msusi awaambie wateja wake wote, leo hii, kwamba mlango bado unafungwa. Kuna wenye mimba wanaopanga safari zao kwa maneno yako.

Alhamisi usiende peke yako. Mpigie mwenyekiti mapema, mwombe msusi aruhusiwe kuingia aseme yaliyomkuta. Wewe sema tarehe, sema saa, sema mtu aligonga mara ngapi. Usimtukane mtu. Omba jambo moja tu: wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi mmoja abaki mlangoni na komeo lisiguswe. Na usikubali kuketi mpaka uone limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Sista naye muulize palepale, mbele za watu, kwa adabu: "Sista, siku ile uliponiuliza habari za binti yangu, ulikuwa na maana gani?" Kama ilikuwa salamu, atashangaa, nawe utamwomba radhi, yaishe. Kama kilikuwa kitisho, kamati nzima itakuwa imeshakisikia, na mtu hamgusi kirahisi anayeangaliwa na kamati nzima.

Binti yako aende kliniki wiki hiihii amwone daktari. Ameshapasuliwa mara moja, kwa hiyo aulize waziwazi ajifungulie wapi na afike lini, wala asikae nyumbani kusubiri uchungu ukolee. Gari litafuteni sasa, namba ya dereva iwe kwenye simu zenu wote. Daktari akimwambia aende ile hospitali ya mwendo wa saa mbili, aende, hakuna atakayemcheka.

Lakini hata akienda huko, Alhamisi wewe utasimama na utasema. Wanawake waliokuchagua hawana gari la kuwapeleka kwingine.