Kelele Katika Kaseti ya Maman Zawadi

Jumanne, 5 Machi 2002
Nimesafisha tena kichwa cha kinasa sauti. Pamba, alkoholi, subira. Umetoka uchafu wa kahawia kidogo tu. Basi si kichwa.

Masœur Agnès, yule mtawa, amerudisha kaseti ya Maman Zawadi. Mahali patatu hapasikiki. Trr-trr, trr-trr, kama mtu anakwaruza sufuria. Masœur anasafiri Ulaya mwisho wa mwezi, na huko kuna watu waliokubali kusikiliza yale yaliyotokea Bunyakiri.

Mimi sikuwepo chumbani Maman Zawadi alipoongea jioni ile. Ndiyo desturi yangu: naweka mikro mezani, nabonyeza, natoka, nafunga mlango. Mwanamke anaiambia mashine kile asichoweza kumwambia mtu atakayekutana naye sokoni Kadutu. Kwa hiyo yaliyomezwa na kelele siyajui. Kumwomba aseme upya ni kumtonesha kidonda. Na askari waliofanya yale, wanaoushika pia mji huu wa Bukavu, wakijua kwamba anasema, amekwisha. Mimi pia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezima frigo. Nimechomoa kinasa ukutani, nikatia betri mpya. Nimetundika blanketi dirishani, nikasoma zaburi kwenye mikro. Safi kabisa. Nikajipongeza. Jioni, trr-trr, imerudi.

Mashine haijui jioni. Mtu ndiye anayejua.

Jumapili, 10 Machi
Waya mpya wa mikro. Kazi bure. Kelele imeanza Déo aliporudi. Ni mdogo wake mume wangu, anakaa chumba cha pembeni, hana kazi, ana viatu vipya. Nimemwuliza vimetoka wapi. Ati rafiki. Rafiki gani anagawa viatu katika mji huu, siku hizi? Sipendi anavyopita polepole mbele ya mlango wa salon, chumba ninamonasia.

Jumanne, 12 Machi
Nimepeleka kinasa kwa watawa, nijaribu huko. Kimya kizuri. Halafu, masikioni mwangu, trr-trr, na mara telefone ya Masœur ikalia pale mezani. "Kumbe ni telefone!" Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Kwetu hakuna telefone. Yaani kuna mtu nyumbani mwangu anayo na anaificha. Na hapa mtaani Nguba, mtandao unaokamatika vizuri ni ule wa ng'ambo ya mto Ruzizi, nchi ya jirani, kule askari hawa wanakopokea amri.

Jumatano, 13 Machi
Nimepekua begi la Déo. Mashati mawili, sabuni, picha ya msichana. Amenikuta.

"Shemeji, unatafuta nini mu sakoshi yangu? Uliza tu, miye niko hapa."

Nimeuliza. Telefone iko wapi, na unamwuzia nani habari zetu. Maneno yakawa mengi, yangu zaidi. Amefunga virago, amekwenda Lwiro kwa dada yake. Mume wangu alikuwa anatazama sahani yake tu. Hakumtetea ndugu yake hata kwa neno moja. Si kawaida yake.

Jumamosi, 16 Machi
Déo hayupo. Trr-trr ipo.

Tumebaki watatu: mimi, mume wangu, na Rehema mwenye miaka sita. Rehema hana telefone.

Nimelala mgongo kwa mgongo na mtu aliyenioa nikiwa msichana, najiuliza ameniuza kwa bei gani. Leo ameingia kuoga na koti. Tangu lini mtu anaoga na koti?

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa nimemwambia: lete koti. Akatoa telefone mwenyewe, akaiweka mezani.

Anayepiga ni Claude. Mtoto wetu wa kwanza, aliyejiunga na askari haohao mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekataza jina lake humu ndani. Hata majirani niliwaambia waache kuniita Maman Claude, waniite Maman Rehema.

"Ungeikanyaga hii telefone," amesema mume wangu. "Mutoto anapiga jioni, anauliza tu kama maman iko muzima. Ningefanya je?"

Kweli ningeikanyaga. Nimeuliza mtoto yuko wapi.

"Iko Bunyakiri. Tangu mwezi wa kumi."

Maman Zawadi alikimbia Bunyakiri mwezi wa kwanza.

Nina hasira. Nina aibu juu ya Déo. Na nimefurahi kwamba Claude yuko hai, jambo linalonichukiza kuliko yote.

Alhamisi, 21 Machi
Telefone imezimwa, iko nje chini ya ndoo. Maman Zawadi amekubali kurudia. Nimebonyeza, nimetoka, nimefunga mlango. Alipoondoka nimesikiliza. Hata pumzi yake inasikika. Walipochoma nyumba, mume wake alikuwa ndani.

"Mwenye alishika mulango asitoke, ni kijana. Anasema Kiswahili ya hapa Bukavu. Wenzake walimwita Claude."

Akina Claude ni wengi Bukavu. Mtaani kwetu tu ni watatu. Nimejiambia hivyo mchana kutwa. Siamini.

Ijumaa, 22 Machi
Siku ya kutoa nakala ya Masœur. Kinasa kimoja kinapiga, kingine kinanasa. Ukibonyeza pozi, kile kitufe cha kusimamisha, kwa wakati wake, sentensi inapotea na hakuna anayegundua. Nimekwisha kukata vikohozi, majogoo, hata mlio wa risasi. Mkono wangu ni mwepesi.

Mume wangu alisimama mlangoni.

"Kata tu ile jina. Pengine haiko yeye."

"Kama haiko yeye, nikate juu ya nini?"

Alibaki palepale. Kaseti ilizunguka, kidole changu kikawa juu ya pozi, nikamchukia yeye, nikamchukia Maman Zawadi pia, Mungu anisamehe. Ile sentensi ikaja. Ikapita. Kidole hakikushuka.

Jumatatu, 25 Machi
Mvua tangu asubuhi. Masœur ameondoka na kaseti, nzima, kama ilivyosemwa. Nimemtumia Déo salamu arudi. Bado kimya.

Jioni telefone imelia. Mume wangu amenipa, nami nimepokea.

"Maman?"

Nimemwambia nipo. Nimemwuliza kama amekula. Amesema ndiyo, maharagi.