Programu Niliyokuletea Bure

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, na mwanangu ameota jino la pili.

Umenishukuru tena kwa ile programu ya kudarizi niliyokuletea bure, ukasema michoro yote ya marehemu mama umeshaiingiza humo. Dada, usinishukuru. Kampuni yetu inauza cherehani. Programu tunaigawa ili mafundi waizoee, halafu kuanzia mwakani itakubali cherehani zetu tu, na michoro iliyomo haitatoka. Wazo hilo lilikuwa langu. Bosi alipouliza fundi gani ataipokea bila maswali, nilikutaja wewe, maana hujawahi kunitilia shaka.

Tafadhali, zile karatasi alizochorea mama usizitupe. Kama umeshazitupa, usiniambie.

Mdogo wako