Sahani Moja Moja Katika Banda la Mawese

Mpendwa Shangazi,

Wanasema wageni wako ndio waliokuua. Wamesema msibani, wamesema sokoni, na Baba Mdogo amenitamkia usoni, mimi niliyekushika kichwa ukinywa maji yako ya mwisho. Basi naandika hadharani, asiyetaka kusikia azibe masikio. Si wao. Kolera ilikuwa imeshaingia Rumonge, na tulikuwa tumeshazika watu wa mtaa wetu, wakati wao bado wako milimani kwao, hawajakimbia risasi.

Unakumbuka ulivyowaleta? Ulikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua ndagala, ukarudi bila ndagala, na msafara wa watu nyuma yako, mikeka kichwani, bibi mmoja kakumbatia jogoo. Walikuwa wakilala mchangani na kunywa maji ya ziwa yalivyo. Banda letu la kukamulia mawese lilikuwa tupu, maana vita ilizuia watu kupanda kukata chikichi. Ulifagia, ukamwaga chokaa, ukachimbisha choo mbali na kisima. Mapipa ya kuchemshia chikichi uliyasugua hadi mikono ikachubuka, ukayajaza maji, ukawasha moto.

"Hapa hakuna mutu atakunywa maji haijachemka," ulisema. "Hata akiwa na kiu ya kufa!"

Halafu chakula cha kwanza kikataka kuharibu kila kitu. Kwetu mgeni halishwi peke yake, ni sinia moja na mikono pamoja, na hata kwao kula pamoja ndiyo kupokewa. Wewe ukampa kila mtu sahani yake. Bibi mwenye jogoo akaisukuma.

"Mama, tunanuka? Kama hamututaki, tutarudi ku mwalo."

Wakaanza kukunja mikeka. Hukubishana nao. Uliingia ndani, ukatoka na bakuli lako la bati la bluu, ukaketi mlangoni mwa banda, ukala peke yako mbele yao.

"Hata mimi ninakula yangu. Ugonjwa ikiisha, tutakula sinia moja mpaka muchoke."

Bibi alicheka. "Murakoze," akashukuru kwa lugha ya kwao, akaivuta sahani.

Ndani ya banda lile hajafa mtu, Shangazi. Hata mmoja. Wewe kolera uliipata nyumba ya pili, ulikokwenda kumwosha marehemu, jirani yuleyule aliyekuwa akikupigia kelele uwafukuze wageni. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima umenyamaza. Nina hasira nao, na nimekukumbuka mpaka naumwa.

Jana ilikuwa arobaini yako. Baba Mdogo alikuja na kufuli jipya mfukoni: dua ikiisha, wageni wako watoke, banda lifungwe. Warudi wapi? Mchangani, kwenye maji yaleyale. Wanaume wakaketi mikekani wakisubiri sinia za pilau. Nikawatolea sahani moja moja, nilizoazima nyumba hadi nyumba, na watu wa banda nikawakalisha safu ileile.

"Hii iko arobaini gani?" Baba Mdogo akafoka. "Unatutenga kama wagonjwa, ku musiba wa dada yangu?"

"Iko ya Shangazi," nikamjibu. "Na ugonjwa haijaisha."

Pilau yake nilikuwa nimeipakua kwenye bakuli lako la bluu. Alilitambua. Bibi mwenye jogoo alikuwa wa kwanza kula, kisha wengine, kisha na Baba Mdogo, machozi yakimtoka. Sikumwonea huruma, nilimwongezea nyama tu.

Aliondoka bila kuniaga na kufuli akaliacha mkekani. Nimelifunga kwenye kifuniko cha pipa la maji yaliyopoa, watoto wasichovye mikono. Banda halina kufuli, na halitakuwa nalo nikiwa hai.

Lala, Shangazi. Sinia nimeiosha na kuitundika ukutani, inangoja siku uliyowaahidi.

Mimi,
binti wa kaka yako