Mstari wa 88 na Jina la Babu

Jumatatu, 6 Oktoba
Klabu ya kompyuta, saa tisa kama kawaida. Feni mbovu. Zamu yangu kuendesha kikaguzi, ile programu inayosoma maandishi ya programu nyingine bila kuiwasha na kuonyesha palipo na hatari. Tumekipa programu ya Mwalimu Othman, itakayotangaza majina ya wageni ukutani Jumamosi, Siku ya Wazazi. Ameiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Anaipenda kama mtoto wa kwanza.
Maonyo kumi na nne. Nimeyapitia moja moja. Kumi na tatu ni woga wa bure. La mstari wa 88 si la bure.

Jumanne, 7 Oktoba
Kila mgeni ana chumba cha herufi thelathini na mbili kwenye kumbukumbu ya mashine. Vyumba vimebanana. Mstari wa 88 unanakili jina bila kulipima. Likizidi, mkia unaingia chumba cha jirani. Jina la jirani likija linaufuta ule mkia, na majina mawili yanasomeka kama moja.
Nilitaka kusema. Nikanyoosha mkono. "Ndiyo, Zuhura?" Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Sikuwa na haja. Nimekaa huko dakika tano nasoma maandishi ya mlangoni.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeandika karatasi juu ya mstari wa 88 nikaitia ndani ya daftari la mahudhurio la Mwalimu. Kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza siogopi sana, ni kama anasema mtu mwengine.
Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Hakuisoma. Meza imetulia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mwalimu kaijaribu programu mbele yetu. Jina: Ali Juma Ali. Safi. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mnafiki mkubwa.
Halafu nikaiona orodha. Mgeni wa kwanza ni Babu. Nyumbani kwetu Jadida hakuna asiyejua: Babu hataki jina lake likatwe. Haji Salim bin Seif bin Ali bin Khalfan bin Rashid. Kwenye harusi moja walimwita Mzee Salim tu, akaondoka kabla ya pilau.
Anayemfuata ni Mzee Kombo Faki. Hawasemezani tangu ugomvi wa mkarafuu wa mpakani.
Nimehesabu herufi, pamoja na nafasi kati ya maneno. Nikahesabu tena kwa vidole. Chumba cha Babu kinajaa baada tu ya "bin" ya tatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sijasema.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ukutani, herufi kubwa kama ndoo: HAJI SALIM BIN SEIF BIN ALI BIN MZEE KOMBO FAKI.
Babu anamzidi Mzee Kombo miaka tisa. Mwalimu anabonyeza kila kitufe. Mama kajifunika uso kwa mtandio. Miguu yangu ikanipeleka yenyewe mpaka kwenye kipaza sauti. Nikalisoma jina lote, hadi Rashid. Nikaongeza: "Kosa liko mstari wa 88. Nililiona tangu Jumatatu. Nisameheni." Sauti kama ya mbuzi.
Wa kwanza kusema ni Mzee Kombo. "Mwanangu Salim! Njoo ukae na babaako!"
Babu akasimama. Nikajua tumekwisha.
"Shikamoo, baba," akasema. "Na urithi wangu wa ule mkarafuu nnautaka leo hii."
Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee wawili wamekula sinia moja.

Jumatatu, 13 Oktoba
Saa tisa. Mwalimu kanipa kiti chake, yeye kakaa pembeni. Nimeandika jina lipimwe kwanza, na vyumba nikavipanua. Kikaguzi hakina neno tena juu ya 88.
Mwalimu akainama, akaitoa ile karatasi chini ya mguu wa meza. Akaikunjua. Akaisoma yote, polepole.
Meza imeanza kuyumba tena.